SOMO LA USALAMA KAZINI: Mavazi ya Kinga kwa Mtumiaji wa Pawasoo

Ukipanda kutoka Mwatate kuelekea Wundanyi siku ya kazi, si ajabu kusikia mlio wa pawasoo kutoka shamba la mtu. Mikaratusi inaangushwa iwe nguzo, misonobari na migrevilea inapasuliwa mbao, matawi yanakatwa kuni. Kazi hii inalisha familia nyingi katika Kaunti ya Taita Taveta. Lakini mtazame anayeifanya. Mara nyingi utamkuta amevaa fulana, suruali ya jinzi na gambuti za mvua, au hata akala. Kichwani ana kofia ya kitambaa. Masikioni hana kitu.

Somo hili ni la mwenye msumeno, kibarua wake, na mwenye shamba anayewaita. Ukilimaliza, utaweza kueleza mnyororo humjeruhi mtu vipi, kuchagua vazi la kweli na kulitofautisha na la kubahatisha, na kujua nani ana wajibu wa kulinunua.

1. Jeraha linatoka wapi?

Mnyororo wa pawasoo ukizunguka kwa kasi kamili hufikia mita 20 hivi kwa sekunde, na mashine nyingine hupita hapo. Hiyo ni sawa na kilomita 72 kwa saa, karibu na mwendo wa matatu barabara kuu. Meno yake hayakati nyama kama kisu. Yanang'oa vipande, na kidonda chake ni kipana, kina uchafu na mafuta, na ni kigumu kushona.

Ajali hutokea kwa njia tatu kubwa.

Ya kwanza ni msumeno kuruka nyuma. Ule ubao wa chuma unaobeba mnyororo, ambao mafundi wengi huuita upanga, una sehemu moja ya hatari kuliko zote: robo ya juu ya ncha yake. Sehemu hiyo ikigusa tawi, gogo la pili au jiwe wakati mnyororo unazunguka, upanga wote hurushwa juu na nyuma kuelekea bega, shingo na uso wa aliyeushika. Hilo hutokea upesi kuliko mtu anavyoweza kuwaza, seuze kukwepa.

Ya pili ni msumeno kushuka. Unakata tawi, tawi linaachia ghafla, na uzito wa mashine unaendelea chini hadi kwenye paja au goti. Kwa kuwa tunaushika kwa mkono wa kushoto mbele na wa kulia nyuma, upande wa kushoto ndio unaokaa karibu na mnyororo. Miguu ndiyo inayokatwa mara nyingi zaidi, kisha mkono wa kushoto.

Ya tatu ni mtu mwenyewe kuteleza. Mashamba yetu ya vilimani yana mteremko mkali, na asubuhi za ukungu nyasi na majani ya msonobari huwa laini kama sabuni. Mguu ukiteleza, mikono hutafuta pa kushika, na mashine huenda inakotaka.

Utaona kwamba katika njia hizi zote hakuna nafasi ya kufikiri. Ndiyo maana tunavaa vazi la kinga kabla ya kuwasha mashine. Linafanya kazi katika ule muda ambao akili haijawahi.

2. Suruali ya kinga: kitu cha kwanza kuuliza

Watu wengi hudhani suruali ya msumeno ni kitambaa kigumu kisichokatika. Sivyo. Kitambaa cha nje hukatika upesi. Siri iko ndani, ambako kuna matabaka kadhaa ya nyuzi ndefu, nyepesi na zenye nguvu, zilizolazwa bila kubanwa. Meno yakipasua kitambaa cha nje huzivuta nyuzi hizo, nazo hutoka kwa wingi, huzonga mnyororo na kuingia kwenye gurudumu la meno linalouzungusha. Mashine husakamwa na mnyororo husimama. Mtu hubaki na suruali iliyoharibika, na pengine mchubuko, lakini mguu wake uko.

Kutokana na hilo tunapata mambo manne ya kuangalia unaponunua.

*Alama.* Suruali ya kweli ina lebo iliyoshonwa yenye picha ya msumeno ndani ya ngao, pamoja na namba ya kiwango. Kiwango cha kimataifa cha mavazi haya ni ISO 11393. Nguo za zamani kidogo zitakuwa na EN 381. Suruali nene isiyo na lebo ni suruali nene tu, hata kama muuzaji anaapa.

*Daraja.* Lebo huonyesha kasi ya mnyororo ambayo suruali ilijaribiwa nayo. Daraja 0 ni mita 16 kwa sekunde, daraja 1 ni mita 20, daraja 2 ni mita 24, na daraja 3 ni mita 28. Soma kasi ya mnyororo kwenye kitabu cha mashine yako, kisha ulinganishe. Daraja la juu zaidi lina matabaka mengi, kwa hiyo ni zito na lina joto zaidi. Na hata daraja la juu halimaanishi kwamba mnyororo hautapita kamwe.

*Aina.* Aina A hukinga mbele ya mguu. Aina C hukinga pande zote, mbele na nyuma. Kwa mtu aliyefunzwa anayekata akiwa amesimama ardhini, aina A kwa kawaida hutosha. Anayejifunza, au anayefanya kazi mahali ambapo mwili hugeuka-geuka, ni heri apate aina C.

*Kipimo.* Kinga lazima ifike chini, juu ya buti, bila kuacha upenyo. Suruali fupi huacha muundi wazi. Ndefu mno hukunjwa, na mikunjo hunasa vijiti na kukuangusha.

Kuna pia kinga za mapaja, zile zinazofungwa kwa mikanda juu ya suruali ya kawaida. Hizi zina nafuu ya bei, hazina joto sana na zinawafaa wanaofanya kazi kwenye jua la Voi na Taveta. Lakini zifunge mikanda yote hadi chini kabisa. Mkanda mmoja ukiachwa wazi, kinga husukumwa pembeni na mnyororo, na mguu hubaki wazi.

Tahadhari moja kwa wenye misumeno ya umeme au ya betri: mota ya umeme huwa na nguvu ya kuzungusha hata mnyororo ukielemewa, na nyuzi huenda zisiusimamishe kama zinavyosimamisha mashine ya petroli. Soma maelezo ya mtengenezaji wa vazi kabla ya kulitegemea.

3. Ukiikuta mitumbani

Suruali za kinga huweza kupatikana kwenye marobota ya mitumba, na si vibaya kununua ukijua la kutazama. Papasa mguu mzima kutoka kiunoni hadi chini. Matabaka yanapaswa kuwa laini na ya unene mmoja. Ukihisi sehemu imeganda, imejaa mafuta au imebaki tupu, irudishe. Tafuta alama ya kukatwa au kushonwa. Suruali iliyowahi kukatwa na mnyororo hadi ndani imeshamaliza kazi yake. Aliyeishona kwa cherehani amezifunga nyuzi zisivutike, na nyuzi zisizovutika hazisimamishi chochote.

Nyumbani, ifue kwa sabuni ya kawaida kama lebo inavyoeleza. Usitie jiki, usipige pasi, usiianike juani siku nzima. Usiache mafuta na utomvu vigande ndani yake. Vazi chafu lililokauka kama ngozi halitoi nyuzi.

4. Kichwa, macho na masikio

Nunua kofia ngumu ya msituni iliyounganishwa na wavu wa uso na vifuniko vya masikio, kwa sababu kitu kilichounganishwa hakisahauliki nyumbani. Kofia ya mjengo ni afadhali kuliko kichwa kitupu, lakini peke yake haina wavu wala kinga ya masikio. Helmeti ya bodaboda haikutengenezwa kwa kazi hii. Hubana masikio, huziba macho pembeni, na humfanya fundi asisikie mwenzake akipiga kelele, "Toka!"

Tazama ndani ya kofia. Kuna duara lenye mshale linaloonyesha mwezi na mwaka wa kutengenezwa. Jua hudhoofisha plastiki polepole, kwa hiyo fuata muda wa matumizi uliowekwa na mtengenezaji. Kofia iliyopasuka, au iliyopigwa na tawi zito, ibadilishwe hata kama kwa macho inaonekana nzima. Usiipake rangi.

Wavu wa uso huzuia vipande vya mbao, lakini vumbi laini hupita. Ongeza miwani ya kinga chini yake. Miwani ya jua ya sokoni si kinga, kwani kioo chake kikivunjika huwa hatari nyingine.

Kuhusu masikio, mlio wa pawasoo ya petroli hupita desibeli 100 kwenye sikio la anayeitumia. Kanuni za Kenya za kuzuia kelele kazini za mwaka 2005 zinaweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa 8. Sasa fanya hesabu: kila desibeli 3 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa maradufu, na muda salama hupungua nusu. Kwa desibeli 102, sikio hupokea katika nusu saa kile ambacho lingepokea siku nzima ya kazi kwenye kikomo. Pamba haitoshi. Vipokea sauti vya simu vyenye muziki ni kelele juu ya kelele. Kiziwi wa kazi hii hajui siku aliyoanza kuwa kiziwi. Hujua tu kwamba siku hizi watu wa nyumbani "wananong'ona".

5. Miguu, mikono na mwili

Buti ziwe za kupita kifundo cha mguu, zenye chuma kwenye vidole na soli yenye meno ya kushika mteremko. Zilizo bora zina alama ile ile ya msumeno ndani ya ngao. Gambuti za kawaida za shambani ni mpira mtupu, na mnyororo hupita ndani yake kama kwenye ndizi. Kuna gambuti maalumu za kazi hii. Zitambue kwa alama hiyo.

Glavu ziwe za ngozi au kitambaa kinachoshika vizuri, zikutoshe vidole. Baadhi zina kinga ya mnyororo mgongoni mwa mkono wa kushoto, na hizo ndizo za kuulizia. Glavu pia hupunguza baridi, na baridi pamoja na mtikisiko wa mashine huharibu mishipa ya vidole kwa miaka. Vidole vikianza kuwa vyeupe na kufa ganzi asubuhi, punguza saa za kushika mashine na umwone daktari.

Juu, vaa shati au koti la mikono mirefu linalokaa mwilini, la rangi inayoonekana kwa mbali. Acha nyumbani skafu, leso, bangili, mkufu na koti lenye kamba zinazoning'inia. Nywele ndefu zifungwe. Kitu chochote kinachopepea ni mkono wa kukuvutia kwenye mnyororo.

6. Nani anunue?

Hapa ndipo penye mzozo. Mwenye shamba husema, "Nimekuita na vifaa vyako." Fundi husema, "Kwa bei hii uliyonipa, nitanunua nini?" Wote wawili wanaendelea na kazi, na kibarua anayeshika matawi hana hata glavu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu kila mahali pa kazi ambapo mtu anafanya kazi, ya muda au ya kudumu. Inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga vinavyofaa, na inamtaka mfanyakazi avivae. Mwenye mashine aliyeajiri vijana wawili ni mwajiri. Hawezi kusema ni vibarua tu. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, nayo ya mwaka 2007, inamwekea mwajiri wajibu wa kumfidia mfanyakazi anayeumia kazini.

Kwa fundi: ingiza vazi katika bei yako, kama unavyoingiza petroli na mnyororo. Suruali hutumika misimu mingi. Ukiigawa gharama yake kwa idadi ya miti utakayokata, ni kiasi kidogo kwa kila mti. Mafundi walio kwenye chama wanaweza kununua kwa zamu, seti moja baada ya nyingine, mradi asiye na seti asishike mashine mwezi huo. Anaweza kubeba mbao au kupima, lakini akae mbali na mnyororo.

Kwa mwenye shamba: usichague fundi kwa bei peke yake. Aliyekuja na akala amepunguza bei kwa kuweka mguu wake rehani, na akiumia ataumia shambani mwako. Kabla ya kukubaliana, mwambie kwa heshima, "Kijana wangu, nionyeshe suruali na kofia yako." Asiye nazo, subiri hadi azipate au tafuta mwingine. Mti uliosimama miaka kumi utasubiri wiki moja.

7. Vazi halizuii gogo

Hakuna suruali inayozuia mti usikuangukie. Wanaouawa katika kazi hii wengi huuawa na mti au tawi, na dhidi ya hilo kinga ni utaratibu. Somo hili halifundishi kuangusha mti, kwani hilo linahitaji mwalimu aliye mbele yako. Lakini yafuatayo ni ya kila siku:

- Usifanye kazi peke yako. Awepo mtu anayekuona au kukusikia, mwenye simu yenye chaji.
- Watu wote wakae umbali wa mara mbili ya urefu wa mti. Mti wa mita 20, watu mita 40. Watoto wanaokuja kuokota kuni ndio wa kwanza kuondolewa, na warudi mashine ikizimwa.
- Safisha njia mbili za kutorokea, nyuma yako na kwa pembeni, kabla ya kukata.
- Washa mashine ikiwa chini, imekanyagwa vizuri, breki ya mnyororo imefungwa. Usiiwashe ikining'inia mkononi.
- Shika kwa mikono miwili, kidole gumba kikizunguka mshikio. Usikate juu ya mabega wala ukiwa juu ya ngazi.
- Kwenye mteremko, simama upande wa juu wa gogo. Gogo likikatika huteremka, na haliulizi nani yuko chini.
- Jaza mafuta mashine ikiwa imepoa, na usogee angalau mita 3 kabla ya kuiwasha. Nguo iliyomwagikiwa petroli ibadilishwe.
- Mti ulio karibu na nyaya za umeme usiguswe hadi kampuni ya umeme iarifiwe.
- Mashine isiyo na breki ya mnyororo inayofanya kazi ni mashine mbovu, hata kama inanguruma vizuri.
- Pombe na muguka havipandi kilimani pamoja na msumeno.

Kumbuka pia kuulizia kibali cha kukata na kusafirisha miti katika ofisi ya misitu iliyo karibu kabla ya siku ya kazi. Kazi ya kujificha hufanywa kwa haraka, mara nyingi alfajiri au magharibi, na haraka gizani huzaa ajali.

8. Damu ikitoka

Zima mashine. Mlaze mtu chini. Bonyeza kidonda kwa nguvu kwa kitambaa safi na usiachie kukichungulia. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake. Ikiwa ni mkono au mguu na damu inaendelea kuruka, funga utepe mpana juu ya kidonda, upande wa moyo, sentimita 5 hadi 7 kutoka kidondani na si juu ya kiungo. Kaza kwa kijiti hadi damu isimame. Andika saa uliyofunga, na usiulegeze hadi mfike hospitali.

Piga 999 au 112, au namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Kutoka mashamba mengi ya vilimani hadi barabara ya lami ni mwendo wa kutosha mtu kupoteza damu nyingi, kwa hiyo kubalianeni asubuhi, kabla ya mti wa kwanza, nani ana gari au pikipiki na mtampeleka hospitali gani. Sanduku la huduma ya kwanza likae mita chache kutoka mahali pa kazi, si nyumbani kwa mwenye shamba.

Maswali ya kujipima

Yasomeni pamoja kwenye chama au kwenye baraza:

1. Ni sehemu gani ya upanga inayosababisha msumeno kuruka nyuma?
2. Kwa nini suruali ya kinga iliyokatwa haishonwi?
3. Lebo inaonyesha daraja 1. Je, inafaa mashine ambayo mnyororo wake huenda mita 24 kwa sekunde?
4. Mti una urefu wa mita 15. Jirani akae umbali gani?
5. Katika kazi yenu ya mwisho, nani hakuwa na buti, na nani alimruhusu aendelee?

Majibu ya maswali manne ya kwanza yamo katika somo hili. La tano mnalo wenyewe. Fundi, mwenye mashine na mwenye shamba walijibu kabla ya mashine nyingine kuwashwa.